Watu Ishirini na Wawili Mlangoni mwa Jiko Langu

Siku niliyofungua jiko langu jipya, watu ishirini na wawili walikuja kunipongeza. Hakuna hata mmoja aliyeingia ndani.

Si utani. Walikuja wamevaa vizuri, wengine wamebeba sukari na majani ya chai. Wakala chapati zangu. Wakanywa chai yangu. Wakasifu rangi ya ukuta wakiwa nje, wakichungulia dirishani kama watu waliokuja kuona ng'ombe mgonjwa.

Kisha wakaaga, wakaenda zao. Nikabaki na benchi la watu kumi na wawili ambalo halikuguswa na kalio hata moja.

Kama uko na haraka, pita tu. Stori hii haichekeshi, ingawa mimi mwenyewe nimejaribu kuicheka mara kadhaa nikashindwa.

Naitwa Mellen. Nimezaliwa Ntimaru, Kuria Mashariki, nikaolewa Karungu, huku ziwani, na Mjaluo anayeitwa Willis.

Kwenye ramani ni kaunti moja, Migori. Lakini kwetu ni mahindi, tumbaku na ng'ombe, na huku ni dagaa wa omena, jua na Kijaluo kinachoongewa mbio. Hakuna anayeniita Mellen hapa. Mimi ni nyar Ntimaru, binti wa Ntimaru, na nadhani wengine hawajui hata kama nina jina lingine.

Willis anachimba dhahabu Osiri. Anakuja nyumbani mara moja kwa mwezi, vumbi limemkaa hadi kwenye kope, analala siku mbili, anarudi shimoni. Mungu hakuwa ametupa mtoto. Kwa hiyo bomani tulikuwa watu wawili tu, mimi na mama yake.

Mama yake aliitwa Zilpah.

Jiko la Mama Zilpah lilikuwa la udongo, jeusi kwa masizi kuanzia chini hadi juu, mlango mfupi mpaka uiname. Hakukuwa na kiti cha maana. Kulikuwa na magogo, mtungi uliopasuka ukageuzwa kigoda, na moshi.

Na watu! Asubuhi, wanawake wanaotoka ufuoni na omena. Mchana, akina mama wa kanisa. Jioni, yeyote aliyepita njiani. Hata kuku walikuwa na nafasi zao humo ndani na walizijua.

Mwaka wa kwanza nilikaa humo nao. Walikuwa wakiongea, wakicheka, na mimi nasikia jina la Ntimaru likipita katikati ya kicheko. Nikajiambia, wananicheka. Sikuuliza. Mimi nina hasira ya karibu, na mtu wa hasira ya karibu huwa haulizi, anahukumu.

Siku moja nikamwambia Mama moshi unanibana kifua. Nikanunua meko ya gesi, nikawa napika kwenye kona ndani ya nyumba yetu, peke yangu, mlango nimeurudisha.

Hakuna aliyekuja kuniita nirudi. Nikasema, haya, si wamefurahi.

Miaka minne ikapita hivyo. Nyinyi mlioko nyumbani kwenu hamwezi kujua. Mtu anaweza kukaa wiki nzima bila kuongea neno refu kuliko "oyaore", salamu ya asubuhi. Nilifika mahali nikawa naongea na sufuria.

Sikutaka kitu kikubwa. Nilitaka mtu mmoja aingie, akae chini, aseme, "Nyar Ntimaru, hebu niwekee chai." Basi.

Mwaka jana mwanzoni, Willis na wenzake wakagonga mahali pazuri kule Osiri. Akaniuliza nataka nini.

"Nataka jiko."

"Jiko si unayo? Meko ni ya nini?"

"Nataka jiko la watu, Willis. Jiko la kukaa. Nimeona kwa simu vile wanafanya. Benchi, dirisha kubwa, meza katikati. Watu wakiingia hawataki kutoka."

Akacheka. "Kwani watu ni kitu ya kujengewa?"

"Wacha nijenge utaona. Na nikwambie ukweli: hii jiko isiponiletea mtu mpaka Krismasi, narudi kwetu. Sitazeeka nikiongea na sufuria."

Aliniangalia akaona sitanii. Akaacha kucheka.

Mafundi wa Karungu sikuwataka. Fundi wa hapa atafanya kazi saa moja na kupeleka habari zangu kwa majirani saa tatu. Nikamwita Elkana, mtoto wa shangazi yangu, kutoka Ntimaru. Elkana alijifunza kazi upande wa Tanzania, na anajua kupiga ile sakafu ya terazo, inasuguliwa hadi kokoto zinatokeza zinang'aa.

Wiki tuliyoanza, Mama Zilpah akasafiri kwenda Homa Bay. Alikuwa na kliniki ya presha, na binti yake Scovia anaishi huko. Alisema atakaa wiki mbili.

Nikashukuru. Nilitaka arudi akute kila kitu kimekwisha, ashangae.

Na jiko likatoka, jamani, nisiwafiche. Ukuta rangi ya kiini cha yai. Dirisha pana linaloangalia njia, ili anayepita anione na mimi nimwone. Benchi la mbao kuzunguka kuta mbili. Vikombe ishirini na vinne vikining'inia kwenye misumari, kila kimoja na maua yake, mgeni achague.

Sakafu ndiyo ilitusumbua. Kokoto zilizoletwa na trekta zilikuwa za kijivu, hazina sura. Elkana alitaka nyeusi za kuchanganya. Akazunguka boma, akarudi.

"Dada, kule nyuma kwa nyumba ya mathe, chini ya mlimau, kuna mawe nyeusi poa sana. Ni ya nani?"

Nilikuwa napaka rangi. Sikugeuka hata kumtazama.

"Mawe ni ya Mungu. Pasua."

Akapasua. Sakafu ikatoka na madoadoa meusi, inang'aa kama ya benki. Niliifuta kwa leso yangu mwenyewe.

Mama Zilpah akarudi Ijumaa. Nilimwona akishuka kwenye pikipiki, amekumbatia furushi kubwa lililofungwa kwa leso, na hakukubali mwenye pikipiki amsaidie kulibeba. Nikasimama mlangoni mwa jiko langu, tabasamu limejaa.

Hakuja kwangu. Alienda nyuma ya nyumba yake, kwenye mlimau. Akasimama pale na furushi lake. Akapapasa nyasi kwa mguu, huku na huku.

Nikadhani anatafuta mayai. Kuku wake mwenye madoa alikuwa anapenda kutagia pale.

Alikaa hapo muda mrefu. Kisha akaliweka furushi nyumbani kwake, akaja kwangu polepole, akasimama nje ya kizingiti. Akaangalia ukuta. Akaangalia vikombe. Halafu akaangalia sakafu, na macho hayakutoka tena hapo.

"Mama, unaonaje sakafu?"

"Ni nzuri," akasema. "Inang'aa."

"Ingia basi! Keti hapa, benchi ni yako ya kwanza."

"Miguu yangu iko na vumbi, nyathina." Nyathina ni mtoto wangu. "Siku nyingine."

Akarudi kwake. Na mimi, kwa ile hasira yangu, nikahukumu tena. Nikasema, mama huyu ameona jiko langu limeshinda lake, roho inamuuma.

Jumapili iliyofuata ndiyo ilikuwa siku ya kufungua. Nilialika watu kanisani, nikatangaza mwenyewe kwa Kiswahili changu. Sikutarajia wengi. Walipoanza kuingia getini, mmoja, wawili, watano, hadi ishirini na wawili, nilitaka kulia kwa furaha. Nilihesabu vikombe nikasema, Mungu ni mkubwa, vinatosha.

"Karibuni ndani! Karibuni!"

Wakasimama.

Wa mbele kabisa alikuwa Dani Millicent, nyanya wa jirani, rafiki wa Mama Zilpah tangu usichana. Aliinua mguu. Naukumbuka ule mguu, kwenye kiatu cha plastiki cha buluu, hewani juu ya kizingiti changu. Kisha akageuka akamtazama Mama Zilpah aliyekuwa nyuma ya watu. Akaurudisha mguu chini.

"Hapa nje kuna upepo mzuri," akasema. "Tuletee hapa hapa, nyar Ntimaru."

"Lakini viti viko ndani, Dani."

"Tumekaa sana kanisani. Wacha tusimame kidogo."

Wote wakakubali kwa vichwa. Ishirini na wawili! Nikawa natoa sahani moja moja kwa mlango na vikombe kwa dirisha, kama mama wa kantini. Mama Zilpah alipokea kikombe chake kwa mikono miwili, akanishukuru, ero kamano, akanywa hadi mwisho.

Wakaondoka. Nikaketi kwenye benchi langu, nikalia hadi uso ukavimba.

Lakini mimi si mtu wa kukata tamaa haraka. Mjanja mimi, nikaweka sola na waya za kuchaji simu, bure. Nikasema, mtu akileta simu ataisubiri ndani.

Walileta. Waliipitisha dirishani, wakaenda kukaa kwa Mama Zilpah kwenye moshi, wakarudi kuichukua dirishani. Kuna siku nilikuwa na simu kumi na tisa za watu kwenye meza na hakuna mtu hata mmoja.

Nikaweka redio. Wakasikilizia nje. Nikapika mandazi ya asubuhi. Wakala nje. Mvua ikanyesha nikasema leo nimewapata, leo wataingia tu. Wakajibanza chini ya mabati, migongo imegusa ukuta wangu wa manjano, maji yanawadondokea miguuni.

Kuna kitu kinakufa ndani ya mtu anapoona watu wanachagua mvua kuliko nyumba yake. Sijui jina lake, lakini kwangu kilikufa siku hiyo.

Novemba ikafika. Nikaanza kukunja nguo zangu kidogo kidogo. Kabla sijaondoka nikataka nijue. Nikaenda jikoni kwa Mama Zilpah, nikainama mlangoni, mara ya kwanza baada ya karibu miaka mitano. Alikuwa peke yake, anakoroga uji.

"Mama, nimekukosea nini?"

Akaendelea kukoroga. "Hujanikosea."

"Hawa watu wanakuangalia wewe. Wewe ukiingia kwangu, wote wataingia. Nieleze tu ni nini, nitengeneze."

"Nyathina, kuna kitu ikiharibika haitengenezeki. Sasa kuambiwa itakusaidia nini? Itakuumiza bure." Akaninyooshea kigoda cha mtungi. "Bed piny. Kaa tukunywe nyuka." Nyuka ndio uji.

Ningekaa. Hadi leo najiuliza ingekuwaje kama ningekaa tu nikanywa ule uji.

Lakini machozi yalikuwa yamenijaa, sijui kama ni moshi au ni hasira, nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mimi nimejenga mahali pasafi mnakataa, mnakuja kujazana hapa kama kuku. Basi kaa na moshi wako, Mama."

Alishusha sufuria ya uji, akaifunika.

Siku tatu baadaye nilisikia mayowe ya wanawake. Mama Zilpah alikuwa ameanguka pale pale alipokuwa akipika, mdomo umeenda upande, mkono wa kulia umekufa.

Tulimkimbiza Homa Bay na gari la jirani, nikiwa nimemshika kichwa mapajani njia nzima, kutoka Sori, Ndhiwa, hadi Rodi. Macho yalikuwa wazi yananiangalia, na mimi sikuwa na cha kumwambia kwa sababu neno la mwisho nililomwambia lilikuwa lile la moshi.

Akalazwa. Willis akawa njiani kutoka Osiri. Mimi nikafikia kwa Scovia, shemeji yangu, ambaye jiko lake ni kona tu nyuma ya pazia. Tulikuwa tumeketi chini, tunachambua sukuma wiki za supu ya kumpelekea mgonjwa.

Nikamwambia kila kitu. Nilijua atanifukuza, lakini nilikuwa nimechoka kubeba. Nikamwambia na lile neno la moshi.

Scovia akaacha kuchambua.

"Shemeji, kwani mpaka leo hakuna mtu amekuambia?"

"Kuniambia nini?"

"Ile mawe."

"Mawe gani?"

Akaniangalia kwa huruma ambayo sijawahi kuangaliwa nayo tena.

"Willis alipotuambia anaoa, Mama alikuja hapa Homa Bay. Tukaenda kwao, chini ya mlima Asego. Boma ya nyanya imebaki msitu tu, lakini kendo yake ilikuwa bado. Unajua kendo? Mafiga. Ile mawe tatu ya kupikia. Mama alizitoa na mikono, akazisugua masizi na majani mpaka zikabaki tu nyeusi, tukaziweka kwa gunia ya unga. Kondakta alitucheka! Akasema hawa wamama wanauza mawe. Mama akamwambia, hii ni ya bibi ya kijana yangu."

Nikaliweka chini jani la sukuma nililoshika.

"Kwetu," Scovia akaendelea, "mama ya bwana ndiye anakuwekea kendo yako ya kwanza. Anaweka mawe, anawasha moto, anapika, anaonja, ndiyo jiko inakuwa ya watu. Lakini huwezi wekea mtu kendo kama hana jiko. Na wewe ulikuwa unapikia tu kwa nyumba. Alikungoja. Aliziweka kwa mlimau akasema, siku nyar Ntimaru atataka jiko, ziko tayari."

"Mbona hakuniambia?"

"Si alikuwa anakuja kukuambia! Aliposikia umeanza kujenga alifurahi mpaka presha ikapanda. Hiyo wiki mbili alikuwa hapa, unadhani ni kliniki tu? Kliniki ni siku moja. Alikuwa anatafuta agulu, chungu ya kukupikia siku hiyo ya kwanza. Alikataa zote sokoni mpaka akapata moja ametaka. Aliibeba kwa leso kama mtoto."

Lile furushi.

Nikakumbuka mguu wake ukipapasa nyasi chini ya mlimau. Nikakumbuka alivyoangalia sakafu. Madoa meusi yanang'aa. Mafiga ya mama yake, nimeyapasua kwa nyundo, nimeyamwagia simiti, nimeyasugua, kisha nikamwambia, ingia basi, ukanyage.

Kwetu kwa mamangu figa ni jiwe. Likipasuka unamtuma mtu mtoni alete lingine. Sikujua. Lakini Elkana aliniuliza. Aliniuliza ni ya nani, na mimi sikugeuka hata kumtazama.

"Watu wote walijua?" nikauliza.

"Dani Millicent aliona vipande kwa dirisha kabla ya hiyo Jumapili yako, akazijua. Si walikuwa wanaziona hapo kwa mlimau kila siku. Ikaenea. Sasa nani atakanyaga kendo ya mama ya mwenzake? Hata kama ni wewe, utakanyaga?"

"Wangeniambia tu, Scovia! Hata kwa matusi!"

"Mama aliwakataza." Akajifuta macho kwa mkono wenye sukuma. "Alinipigia simu hiyo siku. Akasema, huyu mtoto akijua ataona haya atoroke kwao, na Willis hatapata mwingine kama yeye. Akasema ile siku yako ya kufungua watu wasikuache peke yako. Yeye ndiye alizunguka kila boma, Jumamosi yote, na hiyo miguu yake. Akawaambia, nendeni, kuleni vyakula yake, msifuni, lakini msimwambie."

Ishirini na wawili. Yeye ndiye aliwatuma, wote.

Sijui kama mnanielewa. Miezi minane nilikuwa namchukia mtu aliyekuwa ananificha aibu yangu.

Saa ya kuona wagonjwa ilipofika nilikuwa wa kwanza mlangoni. Nilipiga magoti kando ya kitanda, wagonjwa wengine wananiangalia, sikujali.

"Mama, ni mimi nilipasua mawe. Sikujua. Nisamehe. Na lile neno la moshi, nalirudisha, Mama, nalirudisha."

Macho yake yalikuwa wazi. Mkono wa kushoto ukasogea. Ukagonga ukingo wa kitanda, mara mbili, polepole, vile alivyokuwa akigonga kigoda mtu akiingia jikoni kwake. Bed piny. Kaa.

Nikaketi. Nikamshika huo mkono nikalia.

Baadaye nikamweleza nesi, nikitaka aniambie kwamba Mama amenisikia. Alikuwa mtu mzuri, hakutaka kunidanganya. Akasema wagonjwa wa aina hii mikono hutembea tu yenyewe, hawajui.

Basi hata hilo sina uhakika nalo.

Willis alifika usiku huo, akamkuta bado anapumua. Asubuhi ya pili Mama Zilpah akatuacha.

Matanga yalikuwa makubwa. Watu walitoka Homa Bay, Ndhiwa, visiwani. Mvua ilinyesha siku mbili mfululizo, hema likajaa, nyumba zikajaa, watu wakabanana chini ya kila bati. Jiko langu lilikuwa wazi, kavu, benchi tupu. Wageni wasiojua wakitaka kuingia, Dani Millicent aliwashika mkono kimya kimya akawapeleka kwingine.

Sikumlaumu. Nilikuwa nimesimama mvuani pamoja nao.

Baada ya mazishi Willis akasema tuvunje sakafu, tumwage nyingine. Nilichukua sururu mwenyewe. Nikapiga kona moja, kipande kikatoka, nikakigeuza mkononi. Jiwe jeusi na simiti vimeshikana, huwezi kujua kimoja kinaishia wapi.

"Tutaitupa wapi?" nikamuuliza.

Willis akaichukua sururu mkononi mwangu, akailaza chini. Huwezi kuitupa, ni kendo ya nyanya yake. Huwezi kuirudisha Asego, imekuwa unga. Huwezi kuikanyaga. Tukaiacha, na kile kipande nikakirudisha kwenye shimo lake.

Chungu nilikikuta chini ya kitanda cha Mama, bado kimefungwa kwenye leso. Ni kizuri. Kina mdomo mpana na mstari mmoja wa kuchorwa shingoni. Hakijawahi kuona moto, na mwenye kukiwashia moto wa kwanza hayupo. Nimekiacha palepale.

Jiko lake la udongo halikumaliza miezi mitano. Bila moshi, mchwa walilila paa, na mvua za Machi zikaliangusha. Watu waliokuwa wakikaa humo walitawanyika. Wengine hata njia yetu hawaipiti tena.

Krismasi ilipita. Sikurudi Ntimaru. Nguo zangu nilizikunjua nikazirudisha kabatini, kwa sababu Mama aliuza heshima yake kwa watu ili nisikimbie, na nikikimbia nitakuwa nimempasua na yeye.

Siku hizi napikia nje, kwenye jiko la makaa, kando ya ukuta. Alhamisi, miguu ikimruhusu, Dani Millicent huja. Anakaa kwenye jiwe la kawaida, mimi kwenye ndoo. Hatuongei sana. Kijaluo changu kimekua kidogo, na juzi nilimuuliza kile nilichoogopa kuuliza miaka yote: mwaka ule wa kwanza, mlipokuwa mnataja Ntimaru mnacheka, mlikuwa mnasema nini?

Akafikiria.

"Ah. Zilpah alikuwa anajisifu. Alikuwa anasema bibi wa mtoto wake ametoka mbali hivyo, lakini anasonga ugali kuliko sisi wote. Tulikuwa tunamcheka yeye."

Basi ndugu zangu, mnaotafuta kwa simu namna ya kufanya jiko livutie wageni, sikilizeni mtu aliyelipa. Msianze na rangi, wala benchi, wala vikombe vyenye maua. Anza kwa kuketi kwenye jiko la aliyekutangulia, hata kama moshi utakutoa machozi. Wakicheka, uliza wanacheka nini. Na ukikuta jiwe kwa watu, geuka, mtazame anayekuuliza ni la nani, na kama hujui sema hujui.

Jiko langu bado liko. Nalifagia kwa kusimama nje na fagio refu, navifuta vikombe ninavyovifikia kutoka dirishani. Watu ishirini na wawili hawakuvuka kile kizingiti, na mimi ndiye wa ishirini na tatu.